Pikipiki ya safari ndefu iliyokwishatumika: jinsi ya kuipata inayokufaa, hatua kwa hatua

Pikipiki yangu ya kwanza ya safari ndefu niliinunua jioni, imeshaoshwa, injini ina moto, nami nilikuwa nimeshaamua kabla sijaifikia. Injini ilikuwa nzima na iliendelea kuwa nzima. Kilichonishinda ni kwamba mimi nayo hatukulingana. Kiti kilikuwa kirefu kwa miguu yangu, na uzito wake wote ulikaa juu. Miezi minne baadaye, nikiwa nimempakia mke wangu na masanduku yamejaa, nilisimama mahali palipoinama upande mmoja. Mguu ukatafuta ardhi, haukuikuta, tukaanguka. Hatukuumia, ila mke wangu hakuipanda tena, na mimi nikaiuza kwa hasara. Kwa hiyo hapa naanza na mpandaji. Injini nitaifikia baadaye, na nitaikagua kwa makini.

Hatua ya 1: Andika safari zako za kweli

Chukua karatasi uandike safari ulizofanya mwaka uliopita, au utakazofanya mwaka ujao kwa uhakika. Kila safari iandikie kilomita za kwa siku, watu wangapi, mizigo kiasi gani, na barabara ya aina gani: lami, changarawe au tope. Ile ya ndotoni, ya kuvuka bara zima, iandike pia, ila iweke chini kabisa. Watu wengi hununua pikipiki kwa ajili ya ule mstari wa mwisho, kisha wanateseka nayo katika mistari yote ya juu.

Karatasi hiyo itakusogeza kwenye kundi moja kati ya haya.

Ukisafiri kwa lami tupu, watu wawili, siku nzima, kuna pikipiki kubwa za starehe kama Honda Gold Wing. Ile ya miaka ya 2001 hadi 2017 ina injini ya silinda sita ya cc 1,832 na uzito unaozidi kilo 400. Kiti chake kiko milimita 740 tu kutoka ardhini na ina gia ya kurudi nyuma, kwa hiyo mtu mfupi anaweza kuimudu kuliko anavyodhani, ilimradi ardhi iwe tambarare na ngumu.

Ukipenda lami yenye kona na mwendo wa kutosha, tazama Yamaha FJR1300, Honda ST1300, Kawasaki 1400GTR au BMW R1200RT. Zote hizi zinatumia shafti (mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni), zina kinga nzuri ya upepo, na hubeba abiria vizuri.

Barabara zako zikichanganyika, utaelekea kwenye pikipiki zenye shokapu ndefu: Suzuki V-Strom 650, Triumph Tiger 800, BMW R1200GS, Yamaha Super Ténéré. Zinavumilia mashimo, na mtu hukaa wima. Gharama yake ni urefu. V-Strom 650 ya awali ina kiti cha milimita 820, na R1200GS ya kawaida ya miaka ya 2004 hadi 2012 huanzia 840 au 850, kutegemea mwaka.

Kama karatasi yako inasema kwamba mara nyingi unakwenda peke yako, kilomita 300 na kurudi, sioni sababu ya kupita cc 650 au 700. Honda Deauville NT700V, kwa mfano, ni pikipiki tulivu yenye shafti na masanduku yaliyojengewa ndani ya mwili wake. Haitamsisimua mtu kwa kuitazama, lakini inamfikisha bila kumchosha.

Hatua ya 2: Upime mwili wako juu ya pikipiki

Hapa ndipo ninapoomba usiharakishe, kwa sababu kasoro ya injini hutengenezwa kwa pesa, lakini mwili usiolingana na pikipiki unalipa kila siku.

Namba ya urefu wa kiti iliyoandikwa na mtengenezaji haitoshi. Kiti kipana huitanua miguu, kwa hiyo kiti cha milimita 800 kilicho chembamba mbele kinaweza kukupa ardhi kuliko cha 780 kilicho kipana. Vaa buti zako za safari, kaa, iondoe pikipiki kwenye stendi. Unachotaka ni sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini kwa uthabiti. Mpandaji mzoefu aliye peke yake anaweza kuridhika na mguu mmoja. Mwenye kubeba abiria asiridhike.

Kisha fanya mambo matatu ambayo wanunuzi wengi hawayafanyi. Inyanyue kutoka stendi ya pembeni ukiwa umekaa, bila kujirusha. Shuka, uisukume kinyumenyume hatua kumi, ikiwezekana kwenye mwinuko mdogo. Ipandishe kwenye stendi ya kati kama inayo. Ukihema sana kwa moja ya hayo ukiwa hujachoka, fikiria itakuwaje saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, na masanduku yamejaa.

Sasa kaa. Muombe muuzaji ruhusa, iweke kwenye stendi ya kati, miguu juu ya pegi (vikanyagio vya miguu), mikono kwenye usukani, macho mbele, dakika ishirini bila kuzungumza na mtu. Dakika tano za mwanzo kila pikipiki ni nzuri. Baada ya hapo mwili unaanza kusema: viganja vinabeba kifua, magoti yamekunjwa mno, shingo inavutwa, au kiti kinakusukuma mbele kuelekea tangi. Panapouma kidogo baada ya dakika ishirini pataungua baada ya saa tatu.

Si kila kero ni sababu ya kukataa. Kioo cha upepo hubadilishwa kwa kirefu au kifupi. Kiti hufumuliwa na kujazwa sponji upya. Usukani huinuliwa kwa vipande vya chuma na kusogezwa karibu nawe. Lakini nafasi kati ya kiti na pegi hubadilika kwa shida, na uzito haubadiliki kabisa. Kuhusu kuteremsha shokapu ya nyuma ili mguu ufike, kumbuka kwamba hilo hubadilisha tabia ya usukani na hupunguza nafasi ya kulala kwenye kona. Ni dawa ya mwisho.

Abiria naye aende. Akae nyuma dakika hizo hizo ishirini, na maoni yake yawe na uzito sawa na yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo na mafuta

Kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye kibandiko cha fremu, kuna uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa humo uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na maji yote. Kinachobaki ndicho kila kitu utakachoweka juu yake, wewe mwenyewe ukiwemo.

Tuseme pikipiki ina kilo 240 na kikomo ni 440. Una kilo 200. Wewe na mavazi ya kinga kilo 90, abiria na mavazi yake 70: umebaki na 40. Masanduku matatu matupu na vyuma vyake yanaweza kula kilo 18. Umebaki na 22 kwa nguo, vyombo na vifaa vya watu wawili. Wengi hushangaa hesabu hii inapobana namna hiyo, na pikipiki kubwa haina maana kwamba inabeba zaidi, kwa sababu uzito wake yenyewe umeshaula mgao. Watengenezaji wengi pia huweka kikomo cha karibu kilo 10 kwa kila sanduku la pembeni.

Mafuta ni rahisi zaidi. Tangi la lita 20 kwa ulaji wa lita 5.5 kila kilomita 100 linakupa kama kilomita 360, na mimi hupanga safari kwa 300.

Hatua ya 4: Shafti, cheni, na umbali uliokwendwa

Cheni ni nyepesi na ni rahisi kutengeneza popote, ila kila kilomita mia kadhaa inataka mafuta na kila mara inataka kukazwa. Shafti haitaki kuguswa safarini. Inadai oili yake ibadilishwe kwa wakati, na ikiharibika bei yake inauma. Kwa safari ndefu za lami mimi nachagua shafti bila kusita.

Uliza pia ratiba ya ukaguzi wa vavu za injini, kwa sababu hapo ndipo sevisi inapogeuka kuwa ghali. FJR1300 hutaka zikaguliwe kila kilomita 42,000, V-Strom 650 kila 24,000, na BMW za silinda mbili zinazotokeza pembeni, zile za kupozwa kwa hewa na oili, kila 10,000. Hizo za BMW zinaonekana nyingi, lakini vichwa vya injini viko nje mkononi mwako, na mtu mwenye subira anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Nyingine hudai ufungue makava yote na kunyanyua tangi. Pikipiki yenye kilomita 44,000 ambayo vavu zake hazijawahi kukaguliwa ina deni, na deni hilo liingie kwenye bei.

Kuhusu umbali, naona watu wanaiogopa namba kubwa kupita kiasi. Nikiwekewa pikipiki yenye kilomita 90,000 na daftari kamili la sevisi, na nyingine ya miaka kumi na tano yenye 12,000 iliyolala kwenye gereji, naanza na ile ya kwanza. Kukaa bila kutembea hukausha sili, hugandisha petroli kwenye mfumo wa mafuta, huleta kutu ndani ya tangi na huua betri. Injini hizi kubwa zimeundwa kutembea.

Hatua ya 5: Kabla ya kwenda kuiona

Mpigie muuzaji. Muulize ameimiliki muda gani, kwa nini anaiuza, sevisi ya mwisho ilifanywa lini na nini kilibadilishwa, na kama imewahi kuanguka. Sikiliza namna anavyojibu. Aliyeitunza pikipiki hukueleza hadi usichouliza.

Omba namba ya fremu, ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, uitumie kumuuliza wakala au mtengenezaji kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Hili si jambo la kupuuza: mwaka 2014 BMW iliwataka wenye R1200RT mpya za mwaka huo waache kuziendesha hadi shokapu ya nyuma ibadilishwe.

Mwisho, muombe asiiwashe kabla hujafika.

Hatua ya 6: Ukaguzi, mwanga wa mchana, injini ikiwa baridi

Beba tochi, kitambaa, kioo kidogo na mita ya umeme. Nenda na mtu anayejua, au angalau mtu asiyeipenda pikipiki hiyo kama wewe.

Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto na uliomba isiwashwe, uliza kwa nini. Pikipiki ngumu kuwaka asubuhi huwaka kwa urahisi ikiwa imeshapashwa, na milio ya injini isiyo na oili juu husikika sekunde za kwanza tu. Kwenye FJR za mwanzo, kwa mfano, sikiliza mlio wa tiki-tiki kutoka eneo la vavu. Baadhi yake zilisumbuliwa na kuchakaa kwa miongozo ya vavu za eksozi.

Iwashe, tazama moshi. Mvuke mweupe unaotoweka ni unyevu tu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Fungua kifuniko cha oili kabla ya kuwasha: ukikuta utando wa rangi ya maziwa, huenda ni unyevu wa safari fupi, huenda ni kulanti (maji ya kupoza injini) imeingia kwenye oili. Linganisha na hali ya maji ya rejeta, na ukiwa na shaka, ondoka.

Fuatilia dalili za kuanguka. Kuanguka ikiwa imesimama ni kawaida kwa pikipiki nzito, na mkwaruzo kwenye sanduku si kesi. Ninachokitafuta ni ajali. Geuza usukani hadi mwisho kila upande, utazame vile vidonge vya chuma kwenye fremu vinavyouzuia usizidi. Kimoja kikiwa kimepondeka au kimepasuka, gurudumu la mbele liligonga kitu kwa nguvu. Tazama ncha za leva za breki na klachi, ncha za usukani, rangi inayotofautiana kati ya kava na kava, na bolti zilizoliwa vichwa na spana.

Linganisha uchakavu na odomita. Raba za pegi zilizolika, vishikio laini na kingo iliyojitokeza kwenye diski za breki havikubaliani na kilomita 15,000. Unene wa chini wa diski mara nyingi umechorwa juu yake, usome.

Tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka mitano au sita mimi nalihesabu kuwa limekwisha, hata kama mifereji yake bado ina kina. Tazama pia umbo. Tairi la nyuma lililokuwa bapa katikati litaifanya pikipiki nzuri ijisikie mbaya kwenye kona, na unaweza kuilaumu bure.

Iweke kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani, uzungushe usukani polepole kwa vidole viwili. Ukihisi unanasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Pitisha kitambaa kwenye vyuma vya shokapu za mbele. Oili ni sili mbovu, na tundu la kutu kwenye chuma litaiua hata sili mpya.

Nyuma, kwenye shafti, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo unaohisika mkononi ni onyo la beringi, hasa kwenye BMW ambazo gurudumu lao la nyuma limeshikwa na mkono mmoja, upande mmoja tu. Tazama kama kuna oili pale shafti inapoungana na gurudumu. Kwenye cheni, ivute kutoka nyuma ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni). Ikiachana na meno hadi uone nusu ya jino, au meno yamejipinda kama ndoano, hesabu seti nzima mpya.

Umeme ndio unaowaacha watu njiani, tena kwenye pikipiki ya safari yenye vishikio vya joto, taa za ziada na chaja ya simu. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, isome takriban volti 12.6. Stata inapozunguka isishuke chini ya 10. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Kisha inua kiti utazame nyaya. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa kwa gundi ya plastiki, bila fyuzi, zinanitisha kuliko kilomita nyingi.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) lazima iwake unapofungua swichi, na izimike baada ya kuanza kutembea. Isiyowaka kabisa ina maana mbaya kuliko isiyozimika, kwa sababu huenda mtu ameizima kwa makusudi. Baadhi ya BMW za takriban 2001 hadi 2006 zina breki zinazosaidiwa na mota: utasikia mvumo ukishika breki. Ni breki kali sana zikiwa nzima, ila mtambo wake ukifa matengenezo ni ghali.

Hatua ya 7: Iendeshe

Bila jaribio la barabarani, angalau nusu saa, sinunui. Kwanza hakikisha bima na leseni yako vinakuruhusu.

Anza mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ukigeuza kushoto na kulia, maana hapo ndipo uzito unapojitambulisha. Barabara ikinyooka, gia ya juu, kilomita 80 kwa saa, fungua aksileta kwa nguvu. Mzunguko wa injini ukipanda na mwendo haupandi, klachi inateleza. Pita gia zote kupanda na kushuka, na uone kama ya pili inaruka ukiongeza moto. Funga breki ya mbele kwa nguvu mahali salama: leva isidunde, pikipiki isivute upande. BMW zenye shokapu ya mbele ya Telelever hazizami sana unapofunga breki. Hivyo ndivyo zilivyoundwa.

Ukifika mwendo wa safari, sikiliza upepo. Kioo kinachorusha upepo hadi kwenye kofia na kutikisa kichwa kitakuchosha kuliko kiti kibaya. Simama kidogo juu ya pegi. Kelele ikikatika ghafla, tatizo ni urefu wa kioo, na hilo linatibika.

Ukirudi, tazama chini ya injini tena.

Hatua ya 8: Bei, karatasi, na wiki ya kwanza

Jumlisha ulichokiona: tairi, cheni, vavu, betri, sili. Mwoneshe muuzaji orodha hiyo kwa heshima, kitu kwa kitu, badala ya kumtajia tu namba ya chini. Masanduku ya asili, funguo zote na kitabu cha sevisi vina thamani, na funguo ya pili inayokosekana kwenye pikipiki zenye kizuizi cha kielektroniki kinachozuia injini isiwake bila funguo yake ni gharama halisi. Namba ya fremu na ya injini zilingane na karatasi, herufi kwa herufi, na jina la muuzaji liwe lile lililo kwenye karatasi. Hakikisha haidaiwi na mkopeshaji. Hapo pasipolingana, hakuna bei nzuri.

Bakiza fungu la pesa kabla hujalipa. Wiki ya kwanza, badilisha oili ya injini, oili ya shafti, mafuta ya breki na kulanti, hata kama umeambiwa ni vipya. Mafuta ya breki hustahili kubadilishwa kila miaka miwili, na ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Kisha pakia masanduku kama ya safari, mpakie na abiria, umwombe mtu apime springi ya nyuma inavyoshuka. Kwa pikipiki nyingi za lami, milimita 30 hadi 40 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikizama zaidi, kaza springi hadi irudi hapo, kisha rekebisha taa ya mbele, maana mzigo wa nyuma huinyanyua ikawachoma macho wanaokuja. Nenda kilomita 200 na kurudi siku hiyo hiyo, na spana mfukoni. Andika kilichouma, kilicholegea na kilichovuja. Safari ya pili nenda mbali zaidi.